Namna Nderemo Ilivyofanywa Kubwa

Haya yalitokea katika nchi ambayo wewe msomaji huijui, na kama unadhani unaijua, kaa kimya kama sisi wengine tulivyokaa.

Mji mkuu wa nchi hiyo uliitwa Nderemo. Ng'ambo ya mpaka palikuwa na nchi nyingine, na mji wake mkuu uliitwa Vifijo. Miji hii miwili iliishi miaka mingi bila kuoneana wivu, mpaka siku mgeni wa heshima kutoka nchi za mbali alipokaribishwa chakula cha mchana Ikulu ya Nderemo. Alikula vizuri, akafuta mdomo, akatazama nje ya dirisha, kisha akasema jambo kwa lugha yake huku akitabasamu.

Mkalimani alikuwa mtu mwaminifu. "Mgeni anasema kamji kenu ni kazuri sana," alitafsiri. "Anasema jana alikuwa Vifijo. Lile sasa, anasema, ni jiji."

Mtukufu Mwenye Nchi aliweka uma wake mezani. Mawaziri wote wakaweka uma zao mezani. Mkalimani alihamishwa wiki ileile, akapelekwa kwenye kituo cha mpakani kisichopitwa na mtu yeyote, na inasemekana mpaka leo yuko huko anatafsiri upepo.

Asubuhi iliyofuata iliundwa Wizara ya Ukubwa. Chini ya Wizara iliundwa Tume ya Kulikuza Jiji, chini ya Tume zikaundwa kamati nne, na chini ya kamati zote hizo, katika chumba cha mwisho cha korido, aliketi mtu mmoja aliyejua kupima. Huyo ndiye Kidawa binti Shomari.

Kidawa alikuwa na miaka hamsini na miwili. Ishirini na saba kati ya hiyo aliimaliza akisukuma gurudumu la kupimia barabara, kofia ya ukindu kichwani na penseli sikioni. Aliijua Nderemo kama ulimi unavyoyajua meno. Hakuwa na mume tena, watoto hakujaaliwa, lakini alikuwa na dada yake mkubwa, Sihaba, fundi cherehani mwenye pumu, aliyekaa mtaa wa pili. Kutoka mlango wa Kidawa hadi mlango wa Sihaba, kwa kukata uchochoro wa Mtondoo, zilikuwa mita mia mbili na sitini. Alizipima mwenyewe, kwa kujifurahisha. Kila alasiri akitoka kazini alipita kwa dada yake, wakanywa chai, wakasema watu kidogo, akarudi kwake.

Waziri wa Ukubwa alipomwita, Kidawa aliingia na karatasi moja tu.

"Mheshimiwa, nina habari njema," alisema. "Sisi ni wakubwa kuliko Vifijo. Kilomita za mraba mia mbili na kumi na nne kwa mia moja thelathini na moja. Hata watu tumewazidi, karibu laki tatu."

Waziri, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Kapungu, alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyejua ugonjwa wake.

"Bi Kidawa, mgeni alipima?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Alihisi. Ukubwa wa kupimwa tunao, na umetusaidia nini? Serikali inataka ukubwa wa kuhisiwa. Nenda Vifijo siku nane. Ukirudi utuambie wao wanafanya nini mpaka mtu anajisikia mdogo."

* * *

Kidawa alikwenda. Alitembea Vifijo siku mbili na gurudumu lake, akahesabu ghorofa, akahesabu taa za barabarani, asione cha ajabu. Barabara zilikuwa kama za kwao, mashimo kama ya kwao. Siku ya tatu homa ikamkamata hotelini. Alilala siku mbili bila kula, akisikiliza nyayo za watu zikipita koridoni. Hakuna aliyegonga. Mtunza chumba alichungulia mara moja, akaona kitanda kina mtu, akafunga.

Aliporudi aliandika ripoti ya kurasa arobaini, yenye ramani na majedwali. Ukurasa wa thelathini na nane, kwa sababu alikuwa amechoka na alikuwa bado anaikumbuka homa ile, aliandika hivi: "Kwa kila kipimo Vifijo ni mji mdogo. Ila niliumwa huko siku mbili na hakuna aliyeuliza. Wakati huo mji ulionekana kwangu hauna mwisho. Nadhani mji hukua kwa idadi ya watu wasiokujua."

Kurasa nyingine thelathini na tisa hazikusomwa na mtu. Sentensi ile ya mwisho Waziri aliisoma mbele ya Tume nzima, akasimama, akaisoma tena akiwa amesimama.

"Waheshimiwa," alisema, "tumepata. Mji hukua kwa idadi ya watu wasiojuana! Tatizo la Nderemo si udogo. Tatizo ni kujuana. Mimi mwenyewe asubuhi hii, kutoka nyumbani hadi hapa, nimesalimiwa na watu kumi na wanne. Kumi na wanne! Na mmoja aliniuliza kama tumbo limepoa. Mgeni akiona hayo atasemaje?"

Kidawa aliinua mkono. "Mheshimiwa, samahani. Maneno yale yalikuwa malalamiko. Hayakuwa pendekezo."

"Bi Kidawa, Serikali hii haipokei malalamiko," alisema Waziri kwa upole. "Kwa hiyo yote yanayotufikia ni mapendekezo."

Wajumbe wakapiga makofi. Kidawa alikaa, akajiambia kwamba haya nayo yatapita kama ile Wizara ya Harufu Nzuri ilivyopita.

* * *

Waraka Namba Moja ulihusu lugha. Ilionekana kwamba wananchi walikuwa wakiidhalilisha Nderemo kwa kutamka vitu kwa udogo mchana kutwa, hivyo maneno yenye kidokezo cha udogo yakaamriwa yakuzwe. Nyumba iitwe jumba. Mto uitwe jito. Kisu kikawa jisu, na hakuna aliyekatika zaidi ya kawaida. Shida ilianza mikahawani, ambako kijiko kilikuwa sasa kinaitwa jiko: mteja aliomba jiko la kukorogea chai, na mhudumu, mwoga wa sheria, akamletea jiko la mkaa likiwa na moto wake. Neno kijana nalo lilipopoteza udogo likabaki jana, Idara ya Vijana ikawa Idara ya Jana, na watumishi wake walisema hawakuona tofauti yoyote katika kazi zao. Waziri Kapungu, ili kuonyesha mfano, alitangaza redioni kwamba tangu siku hiyo yeye ni Jipungu.

Watu walicheka. Kidawa na Sihaba walicheka mpaka Sihaba akashika kifua na kutafuta dawa yake, ile ya kupuliza mdomoni.

"Mabosi wako wana kazi," alisema alipopata pumzi. "Mimi nimeshona gauni la bi harusi, mteja anaogopa kuniambia limsitiri kiuno. Aliniambia limsitiri juno."

Waraka Namba Mbili haukuchekesha. Ulisema vichochoro vyote vizibwe kwa ukuta na barabara zilizonyooka zipindwe, ili kwenda popote kuwe safari. Na michoro ya kuta ilikuwa kazi ya mpimaji.

Kidawa alichora. Tuseme ukweli, alichora vizuri. Alikuwa mtu wa kazi nzuri, na penseli haikujua kuchora ukuta mbovu. Alijiambia ukuta ni matofali tu, waliojenga watabomoa. Wakampandisha cheo akawa Mpima Mkuu, wakampa kiti kinachozunguka. Ukuta wa uchochoro wa Mtondoo aliuchora wa mwisho, siku ya Ijumaa, akaondoka ofisini bila kuaga.

Jumatatu alitembea saa moja na dakika ishirini kufika kwa Sihaba. Chai ilikuwa imeshapoa.

"Umechelewa, mdogo wangu."

"Njia imekuwa ndefu, dada."

"Nani kairefusha?"

Kidawa alivua kofia, akaitazama.

"Nimeuona ukuta wanavyoujenga," alisema Sihaba akikata uzi kwa meno. "Umenyooka sana. Nikasema huu ni mkono wa Kida. Serikali yenyewe haijawahi kunyoosha kitu." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilimuuma Kidawa. Alipasha chai moto, wakanywa, na jua likawa limeshuka kabla hawajamaliza hata habari za jirani mmoja.

* * *

Waraka Namba Tatu ulipiga marufuku salamu.

Waliajiriwa Maafisa Uso, wanaume na wanawake wenye mashati ya kijivu, wakawekwa kila kona kuangalia nani anamtambua nani. Wiki ya kwanza walikamata watu elfu sita. Wengi hawakuwa wakaidi. Kuna bibi alikamatwa kwa sababu afisa mwenyewe, kwa mazoea, alimwamkia shikamoo, naye bibi, kwa mazoea, akajibu marahaba. Wakapelekwa kituoni wote wawili, wakiombana radhi njia nzima, jambo ambalo liliongezwa kwenye mashtaka.

Mwezi wa pili mji ulinyamaza. Watu walipita wakitazama vidole vya miguu yao. Sokoni muuzaji alionyesha bei kwa mkono. Tume ilipima matokeo na kuyakuta ya kutia moyo: raia mmoja kati ya watatu alisema Nderemo inaanza kumtisha.

Lakini bado watu walijuana kwa kimya. Jirani alijua kikohozi cha jirani. Ndipo ukatoka Waraka Namba Nne, Mpango wa Taifa wa Kutojuana: kila kaya ichaguliwe kwa bahati nasibu, ihamishwe mtaa mwingine kila baada ya miezi mitatu, na anwani mpya iwe siri ya Serikali. Wajumbe na watumishi wa Tume walisamehewa, kwa kuwa wao walikuwa wanajuana kwa niaba ya umma.

Kidawa aliusikia waraka ukisomwa. Alikuwa amekaa kwenye kiti kinachozunguka, akashika meza kwa mikono miwili.

Siku ya tisa alifika kwa Sihaba alasiri, miguu ikimwaka, akakuta cherehani haiko dirishani. Mwanamume mmoja, mgeni kabisa, alikuwa akiosha vyombo kibarazani.

"Hodi," alisema Kidawa. Neno hilo lilikuwa bado halijakatazwa. "Mwenye nyumba yuko wapi?"

Yule bwana aliangalia kona ya mtaa, kisha akaangalia sufuria yake. "Dada yangu, mimi hapa nimeletwa leo asubuhi na lori. Sijui aliyetoka. Na jina lako, tafadhali sana, usinitajie."

"Aliacha ujumbe? Karatasi yoyote?"

"Niliikuta hii dirishani." Alisukuma kwa mguu, bila kumtazama, chupa ya dawa ya pumu. "Nadhani waliwaharakisha."

* * *

Kidawa alikwenda kwa karani wa uhamisho. Karani, waliyekula naye chakula cha mchana miaka kumi na moja, alimuuliza yeye ni nani. Akaenda kwa Waziri.

"Mheshimiwa, dada yangu ni mgonjwa wa pumu. Amehamishwa bila dawa. Naomba anwani tu."

Waziri Jipungu alizunguka meza, akamshika mkono, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli.

"Bi Kidawa, unasikia unachosema? Wewe, Mpima Mkuu, unayeijua kila mita ya mji huu, hujui dada yako yuko wapi! Mwaka jana hili lingewezekana? Rudia mbele ya wajumbe, tafadhali. Wanahitaji kutiwa moyo."

Hakurudia. Tangu siku hiyo alitembea na dawa ile kwenye mkoba, kila alasiri, mtaa mmoja baada ya mwingine. Kuuliza hakuweza, maana kumuulizia mtu ni kukiri kwamba unamjua. Alipita tu polepole na gurudumu lake, kama aliye kazini, akisikiliza madirisha. Kila cherehani iliyolia ilimsimamisha. Aligundua kwamba Nderemo ina cherehani nyingi mno, na kwamba nyuma ya kila moja kuna mtu ambaye si Sihaba. Majina ya mitaa yalikuwa yamebadilishwa. Kuta alizozichora mwenyewe zilimrudisha alikotoka. Siku moja alipotea kabisa, karibu na soko alilolipima akiwa msichana, akakaa kwenye jiwe na kulia, na watu wakampita kwa nidhamu. Alikumbuka hoteli ya Vifijo. Huku kulikuwa kukubwa zaidi.

* * *

Mwezi wa saba Tume ilibakiwa na upungufu mmoja. Vifijo, ilisemekana, ilikuwa na maiti zisizo na mwenyewe kila mwezi, watu waliokufa na hakuna aliyewajua hata jina. Nderemo haikuwahi kuwa na hata moja. Zamani mtu akianguka barabarani, ndugu watatu walikuwa wameshajitokeza kumchukua kabla hajafika chini. Waziri alilisema hili kwa aibu kubwa. Basi asubuhi moja hospitali kuu ikapiga simu: amepatikana.

Kukaandaliwa sherehe katika ua wa hospitali. Turubai lilipigwa, bendi ya Jiji ikaja na matarumbeta, na utepe ukafungwa kwenye mlango wa chumba cha maiti. Kidawa aliagizwa aje apime urefu wa marehemu kwa ajili ya kumbukumbu za Taifa.

Alitembea kuelekea ua ule. Njia nzima alikuwa akimwona Sihaba chini ya shuka. Walipomwambia apime, akafunua, akaona ndevu nyeupe na sikio lililokatika ncha, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Ndiyo, alifurahi. Ilipita pumzi moja nzima kabla hajaona aibu, kwa sababu yule mzee alikuwa Fundi Ngwali.

Fundi Ngwali alishona viatu kwenye ngazi za Wizara tangu jengo lile lilipokuwa la wizara nyingine. Hakuna mtu katika ua ule ambaye hakuwahi kumnyooshea mguu. Kidawa aliinua uso, akawaona wote wakijua. Matroni alikuwa akijua. Dereva wa Waziri alikuwa akijua. Waziri mwenyewe alikuwa ameshaanza hotuba, lakini macho yake yalishuka mara moja yakatazama viatu vyake, soli mpya zile, kisha yakapanda haraka.

"Ndugu wananchi, leo tumekomaa!" alisema. "Majiji yote makubwa duniani yana watu wasiojulikana. Nasi leo, kwa juhudi zetu wenyewe, bila msaada wa nje, tumempata wetu wa kwanza. Huyu si maiti, ndugu zangu. Huyu ni maendeleo!"

Mwandishi wa kumbukumbu akafungua fomu. Ilipangwa kwamba atauliza jina na umati ujibu kwa pamoja.

"Jina la marehemu?"

"Hajulikani!" umati uliitika, lakini si kwa pamoja.

"Anaitwa Ngwali Mtumweni," alisema Kidawa. "Fundi viatu. Mkewe ni Mwanamize. Walihamishwa mwezi wa tano, na ingawa ni kaya moja, kila mmoja na lori lake."

Kisha mpiga ngoma mkubwa wa bendi, mtu mzima mwenye kitambi, akasema akiiambia ngoma yake, "Huu mkanda alinishonea yeye." Matroni akasema, "Alikuwa na kisukari. Kadi yake ninayo." Na dereva wa Waziri, ambaye hakuwa amezungumza hadharani maisha yake yote, akasema, "Alimfundisha mwanangu kushona." Ikaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, mpaka Waziri akaamuru matarumbeta yapigwe, na matarumbeta yakapigwa juu ya majina.

Magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba mtu wa kwanza asiyejulikana amepatikana kama ilivyopangwa. Ila matroni alimtafuta Mwanamize akampata, na Fundi Ngwali akazikwa na mkewe. Hilo halikuandikwa popote.

Kidawa alishtakiwa kwa kosa la kujua. Alinyang'anywa cheo, kiti na kitambulisho, akaambiwa lori litakuja kumhamisha Jumatano.

* * *

Jumanne alirudi yule mgeni wa heshima.

Alipitishwa barabara zilizopindwa kwa saa tatu kutoka uwanja wa ndege, akitazama nyuso zisizomtazama. Alipofika Ikulu alikuwa na jasho. Aliulizwa anaionaje Nderemo. Alifuta uso, akasema neno fupi, na mkalimani mpya akatafsiri kwa kupiga kelele: "Kubwa! Anasema ni kubwa sana!" Alilosema baada ya hapo, kwamba anaomba ndege yake iletwe leo badala ya Ijumaa, halikutafsiriwa.

Ilitangazwa sikukuu palepale. Watumishi wote wa Serikali waliitwa uwanja wa mpira kushangilia ukubwa, na Maafisa Uso nao wakaitwa, mabasi yakawachukua kona kwa kona. Kidawa alisimama mlangoni kwake akawaona wakiondoka. Kisha alichukua mkoba, akaliacha gurudumu ndani, akaingia katikati ya barabara adhuhuri ile na kuita kwa sauti yake yote.

"Sihaba binti Shomari! Sihaba mshonaji wa Mtondoo!"

Madirisha yalifungwa upande huu na upande ule. Akaendelea. Aliita mpaka sauti ikaanza kukatika, mtaa wa kwanza, wa pili, wa tano. Watoto walivutwa ndani. Kwenye mtaa wa saba pazia likasogea kidogo na sauti ya mwanamke ikasema, kama inayozungumza na maua, "Mimi sijui kitu. Lakini gauni langu la Idi lilishonwa nyuma ya kiwanda cha sabuni." Kidawa akapinda kushoto. Nyuma ya kiwanda cha sabuni mzee aliyekuwa akichambua mchele kibarazani alisema, bila kuinua kichwa, "Kuna anayekohoa sana mtaa wa chini. Sisemi ni nani. Mlango wa kijani."

Alikimbia kadiri magoti yalivyomruhusu. Mtaa wa chini uliishia kwenye ukuta, na ukuta ule aliutambua kwa unyoofu wake. Ulikuwa ukuta wa Mtondoo. Nyuma yake ndiko ilikokuwa nyumba yake mwenyewe. Miezi yote hii kati ya mlango wake na huu, alikadiria bila kutaka, zilikuwa mita kama tisini.

Mbele ya mlango wa kijani, kwenye kiti cha plastiki, alikuwa ameketi Afisa Uso mmoja, mguu umefungwa bendeji. Basi lilikuwa limemwacha. Alikuwa na daftari gotini. Alimtazama Kidawa akija, akabofya kalamu.

Kidawa alisimama. Angeweza kupita kama mtu anayekwenda zake. Kutoka ndani alisikia pumzi ikipiga mluzi, pumzi ile anayoijua tangu utotoni, wakilala kitanda kimoja. Akagonga.

"Nani?" Sauti ilikuwa nyembamba.

"Ni mimi, dada. Ni Kida."

Afisa alisogeza kiti mbele kidogo.

Mlango ulifunguka, na Sihaba akasimama pale, amekonda, shingo imeingia ndani, mkono mmoja umeshika mwimo. Macho yake yalipita begani kwa Kidawa, yakafika kwenye kiti cha plastiki, yakarudi.

"Mimi sikujui, bibi," alisema kwa nguvu zote alizokuwa nazo, ili afisa asikie. "Sijawahi kukuona tangu nizaliwe."

Na huku akisema hivyo mkono wake wa pili ulikuwa umeshamkamata Kidawa kwenye kifundo cha mkono, unamvuta ndani.

Kidawa alimkalisha chini, akampulizia dawa mdomoni, mara mbili, mara tatu, akamshika mgongo mpaka mluzi ukapungua. Mbali, uwanjani, umati ulikuwa ukishangilia kwa zamu. Sihaba alipoweza kusema alisema, "Umekonda," na Kidawa akasema, "Wewe je?"

Kule nje afisa aliandika kwa muda mrefu kwamba mwenye nyumba amemkana mgeni. Jumatano lori lililokwenda kumchukua Kidawa nyumbani kwake halikumkuta, na Serikali, iliyotaka watu wapotee, haikuwa na fomu ya kumtafuta mtu. Wiki hiyohiyo makarani walipita mtaa wa chini na orodha yao. Mlango wa kijani ulifunguliwa kidogo tu.

"Mko wangapi humu?"

"Wawili."

"Mnajuana?"

"Hatujuani," walijibu pamoja, mmoja akikoroga chai ya mwenzake. Karani akaandika hivyo, akaweka alama ya vema, akaenda nyumba inayofuata.